Kengele Iliyo Chini ya Matarumbeta

Kabula mwanangu,

Umekwenda kumuaga shangazi yako, mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za safari, na hapa sebuleni tumebaki wawili, mimi na begi lako. Ninaogopa. Naliandika neno hilo juu kabisa ya karatasi ili nisije nikalizunguka, maana unanijua. Nikipewa nafasi nitaanza na historia ya dunia, nitawashambulia mawaziri wawili na mfanyabiashara mmoja, na mpaka nifike kwenye jambo lenyewe basi lako litakuwa limeshapita Kahama.

Jambo lenyewe ni hili. Jumatatu asubuhi redio iliyokuajiri itaacha kupiga jingo lake la zamani, ule mlio wake wa kutangulia habari, na kuanza kupiga la kwako. Nimelisikia la kwako. Ni zuri. Na tangu nilisikie sijapata usingizi wa maana.

Najua utanijibu nini, kwa sababu juzi mezani ulishanijibu. Nilifungua mdomo kusema kwamba lile jingo la zamani lina kengele ya ng'ombe isiyofaa kuondolewa hivi hivi, na wewe hukupandisha sauti hata kidogo. Ulisema, "Baba, wewe ndiye uliyeandika iondolewe. Nimeisoma makala yako yote. Hata kwenye usaili niliwasomea." Kisha ukatoa simu na kunisomea mimi mwenyewe: mji wa dhahabu na malori hauwezi kuamshwa kwa kengele ya zizini, watu waliolala usingizi wa nusu karne hawahitaji kubembelezwa, na kadhalika na kadhalika. Mama yako alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Leo umepatikana," akasema. "Baba Kabula amekutana na Baba Kabula."

Nikanyamaza. Wewe ulidhani umenishinda, na kweli ulinishinda, lakini sikunyamaza kwa sababu hiyo. Nilinyamaza kwa sababu niliyasikia maneno yangu yakitoka kinywani mwako, yakiwa safarini kuelekea Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu. Na kuna jambo la Nyarugusu ambalo hulijui, kwa kuwa sikuwahi kukwambia. Nakwambia sasa kwa maandishi, mahali ambapo hatuwezi kukatizana.

Uwajue kwanza watu unaowafuta. Nasema unawafuta bila kukulaumu. Jina la Mzee Malando halijaandikwa popote kwenye redio ile, hata mlangoni mwa choo, na vijana waliokusaili sidhani kama wanajua kwamba jingo lao lilitengenezwa na mtu. Wanadhani lilikuja na mitambo.

Usimfikirie mzee mpole mwenye hekima. Malando ni mtu wa majivuno. Enzi za ujana wake alikuwa manju wa kikundi cha ngoma, na ushindi wake ulitokana na kuwatukana wapinzani kwa nyimbo mpaka watazamaji wao wanahama upande mmoja mmoja, wakijifanya wanakwenda kununua maji. Redio ilipofunguliwa Kahama, kabla haijahamishiwa huko unakokwenda, mwenye redio alitafuta mlio wa kupiga kabla ya taarifa ya habari kila saa. Malando alijitokeza bila kuitwa, amebeba kengele iliyokuwa ikivaliwa na dume la kuongoza kundi la baba yake, na jembe lililoliwa na ardhi mpaka limebaki kama kiganja. Alisema jembe jipya linalia kama sufuria. Alikuwa amezunguka Ushetu akiwapa wakulima majembe mapya ili wampe machakavu, na huko nyuma wakabaki wakibishana kama huyu ni mwendawazimu au ni mganga.

Kengele ile hakutaka kuirekodi studio. Aliwapeleka kwenye ghala tupu la pamba, akaitundika kwa ukanda wa ngozi ya mbuzi, akawafukuza wote wenye viatu vya ngozi kwa sababu vinalia, akaigonga kwa lile jembe mara tatu. Kwa kugonga huko mara tatu wakakaa kule kutwa nzima. Kengele ikilia vizuri, njiwa wa darini wanaharibu. Njiwa wakinyamaza, Malando anasema mkono umekuwa mzito.

Kisha sauti ya kutaja jina la redio. Hiyo ni ya Mama Skola, mwanakwaya wa Ushirombo, mwanamke mfupi mwenye kifua cha mtu wa kubeba magunia. Alikataa kuimba mpaka aambiwe anamwimbia nani.

"Wasikilizaji," mwenye redio akamwambia.

"Wasikilizaji ndio nani? Anaitwa nani?"

"Wote, mama. Umati."

"Umati hauna masikio. Nitajie mtu mmoja, na uniambie sasa hivi mikono yake inafanya nini."

Ilibidi wamtafutie mtu. Wakamtajia mwanamke wa sokoni anayechambua dagaa, na Mama Skola akaimba jina la redio kama anavyomwita jirani ambaye hataki kumshtua. Ndiyo ile sauti uliyokua nayo. Mama yako alikuwa anapika uji kwa sauti ile.

Baada ya hapo Malando alifanya jambo ambalo nataka uliangalie sana, kwa sababu ndilo lililonifanya baadaye niwavulie kofia watu hawa. Hakuwaruhusu walipige hewani. Alichukua redio ndogo ya betri akaipeleka mashine ya kusaga, akaiweka juu ya magunia katikati ya kelele zote zile, akawaomba akina mama waliokuwa kwenye foleni wageuke ukutani na waendelee na maongezi yao. Akapiga jingo. Alikuwa hatazami redio, anatazama migongo. Vichwa vikiinuka, limepita. Visipoinuka, alirudi ghalani. Alirudi mara nyingi kiasi kwamba mwenye redio alianza kumkimbia akimwona njiani. Lilipopita kwenye mashine ya kusaga, akalipeleka kwenye karasha, kule wanakoponda mawe ya dhahabu, ambako watu wawili hawasikilizani hata wakigusana pua. Na huko nako vichwa viliinuka.

Hayo yote ni kwa ajili ya mlio unaokwisha kabla hujamaliza kupiga chafya.

Mimi wakati huo nilikuwa natoa saa nzima ya maneno kila Jumamosi kwenye redio ile ile, na makala kila wiki gazetini. Nimesoma vitabu vingi, unavijua, umevipangusa vumbi tangu ukiwa darasa la tatu. Vingi vilinifundisha kwamba watu hubadilishwa na hoja. Basi nikaitafuta hoja ya kila kitu, na siku moja, kwa kukosa adui mpya, nikaikuta kengele. Niliandika kwamba kila saa, kabla ya habari za dunia, tunakumbushwa kuwa sisi ni wachunga ng'ombe. Nikaisoma makala hiyo hewani kwa sauti ile ninayoitumia nikiwa nimependezwa na nafsi yangu. Simu zikamiminika. Mwenye redio, ambaye alipenda simu kuliko alivyopenda redio, akaitisha kikao.

Malando alikuja kikaoni na kofia yake ya pama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja.

"Mwalimu wa maneno, ulishawahi kupita njiani ukakuta mtu anapiga mluzi makala yako?"

Watu walicheka. Nilimjibu kwa ukali, na jibu langu lilikuwa zuri sana, na sasa silikumbuki hata neno moja. Swali lake nalikumbuka. Lakini kikao nilishinda. Ikaamuliwa litengenezwe jingo jipya, la kisasa, lenye matarumbeta ya kinanda, na kwa kuwa redio haikuwa na fundi mwingine, kazi akapewa Malando huyo huyo. Alilileta baada ya muda mfupi, bila mashine ya kusaga wala nini. Matarumbeta yalijaa chumba. Mama Skola aliachwa kwa sababu sikuwa nimemtaja kwenye makala. Tukapiga makofi, na Malando akapiga makofi zaidi yetu. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, kama ningekuwa na masikio.

Miezi ikapita. Babu yako mzaa mama akafariki, na ikabidi nimfuate mjomba wako Luhende Nyarugusu, maana alikuwa hapokei simu na wazee walikataa kuzika bila yeye. Wewe ulikuwa mdogo, tulikuacha kwa jirani. Nikamkuta yuko chini ya ardhi, anachimba dhahabu. Pale juu ya duara, yaani shimo la wachimbaji, alikuwepo mtu mmoja tu, anaitwa Shija, mtu mzima mwenye ndevu nyekundu kwa vumbi, amekaa pembeni ya injini ndogo inayosukuma hewa kwenye bomba la nailoni. Bomba limeingia shimoni kama nyoka asiye na mwisho. Redio imefungwa kwenye nguzo kwa mpira wa tairi la baiskeli.

"Shemeji yako yuko huko chini na wenzake," Shija akaniambia. "Atapanda jua likipungua. Kaa, mzee. Hapa hakuna kiti ila kuna kivuli."

Nikakaa. Nikamweleza habari ya msiba, akanipa pole, tukaongea habari za mvua. Kisha redio ikapiga matarumbeta ya saa. Yalikuwa yale matarumbeta yangu. Shija aliinuka kabla hayajakwisha, katikati ya sentensi, kama mtu aliyevutwa kwa kamba. Akachukua dumu, akaongeza mafuta kwenye injini, kisha akaishika kamba inayoning'inia shimoni akaitingisha. Akasubiri. Kamba ikatingishika kutoka chini. Ndipo akakaa na kuimalizia sentensi yake.

Nikamuuliza, "Saa umeijuaje? Saa huna."

"Simu yangu iko kijijini inachajiwa. Kengele imelia."

"Kengele gani? Hayo ni matarumbeta."

"Kengele ya ng'ombe, mzee. Ile ya siku zote."

"Ile iliondolewa."

Akanitazama kwa huruma. "Nani kakudanganya? Ipo. Iko chini ya matarumbeta. Masikio ya mjini hayo, saa ijayo sikiliza vizuri." Akacheka. "Ila ni kweli kuna mjinga mmoja wa Shinyanga alitaka iondolewe. Tulimsikia hapa hapa, na Luhende akiwepo. Nikamwambia Luhende, huyu bwana akishinda sisi tutatiaje mafuta? Hii injini tangi lake ni dogo, ikizima hapo chini wana dakika chache tu. Na injini ikizima hatusikii, sababu karasha la jirani linatuziba masikio. Kinachopenya hilo karasha ni kengele peke yake."

Sikumwambia mimi ni nani. Nilikaa kwenye kivuli kile nikisubiri saa nyingine igonge, na nakuhakikishia, Kabula, sijawahi kusubiri kitu namna ile, hata majibu ya hospitali siku ulipozaliwa. Ilipofika, niliisikia. Ngo, ngo, ngo, chini kabisa, nyuma ya matarumbeta, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yenye sherehe. Na Shija akasimama.

Luhende alipopanda juu na kunikuta, alianza kwa kulia habari ya baba yake. Baadaye, tukiwa tunatembea kwenda kutafuta usafiri, nilimuuliza kama Shija anajua mjinga wa Shinyanga ni nani.

"Nimwambie ili iweje?" mjomba wako akasema. "Nimwambie mjinga huyo nimemwoza dada yangu?"

Tukiwa njiani kurudi msibani nilishuka Kahama nikaenda kwa Malando. Nilikwenda kumpigia magoti. Nilidhani yeye alijua, kwamba kwa maarifa yake ya ufundi aliona mbali, akaificha kengele ili kuwaokoa watu ambao mimi sikuwaona. Hotuba yangu ya kumsifu ilikuwa tayari kichwani. Nikamsimulia niliyoyaona duarani, mpaka kwenye kamba kutingishika.

Alikuwa anakunywa soda. Akaiweka chini.

"Sikujua," akasema.

"Ulificha kengele kwa makusudi."

"Nilificha kwa sababu nilikuchukia. Niliona, huyu bwana mdogo wa magazeti ataisikiliza kengele yangu kila saa mpaka afe, na hatajua anaisikiliza. Nilikuwa nacheka peke yangu kila habari zikianza." Halafu akasema jambo ambalo ndilo linaniamsha mpaka leo. "Ng'wanone, mwanangu, je, kama ningekuheshimu? Ningekuheshimu siku ile, ningeiondoa kama ulivyotaka. Ningefanya kazi safi."

Tulikaa pale, watu wazima wawili, tunaogopa jambo ambalo halikutokea. Luhende alikuwa yuko nje kwenye gari, ananipigia honi, mzima, ana njaa, anataka twende tukamzike baba yake.

Sasa umejua. Kosa langu si kuiandika makala ile. Mtu anayeandika kila wiki lazima aandike upuuzi, ni kama mpishi na chumvi. Kosa langu ni kwamba nilirudi nyumbani nikiwa najua, na sikuandika nyingine ya kuipinga. Nilijiambia kengele ipo, mafuta yanatiwa, ya nini kujiumbua? Nilikuwa na jina la kulinda. Wasikilizaji wangu walizoea kuniona nashinda. Basi nikaiacha makala ile ikae huko kwenye mtandao na picha yangu ya zamani nikiwa na nywele, mpaka alipoikuta msichana mmoja aliyekuwa anatafuta maneno makali ya kusema kwenye usaili. Hukuiba kitu. Ulichukua kilichokuwa kimeachwa mlangoni na baba yako.

Na kuna lingine. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukifagia uwanja kwa kufuata lile jingo. Fagio mara tatu, kisha sauti ya Mama Skola, kisha fagio. Nikakukemea. Nikakuambia usiwe kasuku, sema kitu chako mwenyewe. Mezani nikakufundisha kubisha, na ulipobisha vizuri nilikupa mnofu. Sikumbuki hata siku moja niliyokupa mnofu kwa kusikiliza vizuri. Uliposema unakwenda Mwanza kusomea sauti za redio, nilikuambia hiyo ni kazi ya kubonyeza vitufe. Ulikwenda, ukasoma, ukarudi. Safari hii unahamisha godoro, na kazi unayokwenda kuifanya naiona ni kubwa kuliko yangu, na hofu yangu yote inatoka hapo. Mimi nimepiga kelele miaka yote hii na sijamwinua mtu mmoja kutoka alipokaa. Malando alimwinua Shija kila saa bila kumjua jina. Kesho mamlaka hayo yanaingia mikononi mwako, na una akili yangu na ulimi wangu.

Jingo lako nimelisikiliza zaidi ya unavyodhani. Ulipoenda kuoga nilichukua vile visikilizio vyako vya masikioni. Ile ngoma ya mwanzo imenisisimua. Yule mwanamke wa kompyuta anayetaja jina la redio ana sauti nzuri, ingawa hajawahi kuzaliwa wala kuchambua dagaa. Nilisikiliza hadi chini kabisa kutafuta kengele, kama niliyeangusha pete kisimani. Haimo. Wewe umefanya kazi safi.

Nimempigia simu Luhende. Bado yuko huko, unamjua, atazikwa na sururu. Nikamwambia Jumatatu kengele inakoma.

"Shemeji, sisi hapa tutatumia simu," akasema. "Shija nitamwambia. Lakini maduara huku yamekuwa kama mashimo ya panya. Kuna watu wamekuja juzi kutoka Bukombe, wamekuta wenzao wanatia mafuta kwa kengele, na wao wanatia kwa kengele, hata hawajui redio yenyewe inaitwaje. Nimwambie nani, nimwache nani?"

"Basi nimwambie Kabula aiache."

"Mwambie. Atakusikiliza?"

Nikasikia anacheka kwa puani, kisha akasema anashuka, na simu ikakatika. Tangu hapo sijampata. Najua chini hakuna mtandao. Najua. Lakini nimepiga mara nyingi.

Na si duarani tu. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi, kwamba Nyarugusu niliijua kwa sababu ya msiba. Bila ule msiba ningekufa na ushindi wangu. Je, kule Kharumwa wanafanya nini kengele ikilia? Kuna mgonjwa anayemeza dawa kwa mlio ule? Kuna mama anayemtoa mtoto mtoni? Sijui. Malando hajui. Wewe hujui. Mwenye redio mpya, yule kijana wa viatu visivyo na soksi, yeye hata kutojua kwake hakujui.

Ungetegemea sasa nitoe hoja. Sina. Siwezi kukuambia kengele ya ng'ombe ibaki milele. Kuna siku Malando atakufa, Shija atanunua saa, injini zitapata tangi kubwa. Na ukiniambia kwamba si kazi ya redio kuwatilia watu mafuta, na kwamba wenye maduara ndio wanaopaswa kuwawekea wafanyakazi wao kengele ya maana, nitasema umesema kweli, na Jumamosi nitawarukia wenye maduara mpaka wanikimbie. Lakini Jumamosi hiyo itakuja baada ya Jumatatu.

Ninachoomba ni kidogo. Kesho basi litasimama Kahama abiria wale chakula. Malando anakaa nyuma ya stendi, ukimuulizia fundi wa kengele kila muuza maji atakuonyesha. Nilimpigia nikamwambia unapita. Nilitaka akupe ile kengele uende nayo. Alikataa.

"Kengele siitoi," akasema. "Mwambie aje na hilo jingo lake, na asije na shikamoo za kunipoza. Tutalipeleka mashine ya kusaga. Kama vichwa vitainuka, mimi mwenyewe nitamwambia twende na Nyarugusu akawaonyeshe kwamba sasa mlio ni huu. Visipoinuka, atajua la kufanya. Na huyo mwanamke wa kompyuta uliyenisimulia, mwambie binti yako amuulize mikono ya msikilizaji wake inafanya nini."

"Na wewe Mama Skola ulishamwambia?" nikamuuliza.

"Nimwambie nini? Anasikiliza kila saa. Jumatatu atajiambia mwenyewe." Kisha akaongeza, "Alirudishwa, hukujua? Nilimweka chini ya matarumbeta pamoja na kengele. Yeye ndiye anayepumua pale kabla ya mlio wa kwanza."

Nimerudi kulisikiliza baada ya simu hiyo. Ni kweli. Kuna pumzi. Miaka yote hii nimekuwa nikianza kipindi changu cha hoja nzito juu ya pumzi ya mwanamke niliyemfukuza, na sikuisikia.

Kama hutaki kushuka Kahama, usishuke. Kama utashuka na bado ukaamua Jumatatu liwe lako tupu, wewe ndiye fundi. Mimi si bosi wako, na makala yangu unayo kwenye simu. Ila nenda kasimame juu ya duara lolote, saa moja tu, redio ikiwa imewashwa, na usimwambie mtu wewe ni nani. Tazama migongo.

Shangazi yako amekurudisha, nasikia mnacheka getini. Mama yako anakuita uje uonje karanga kama zimekolea. Barua hii naitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi, juu ya visikilizio, mahali utakapoigusa kabla ya Kahama.

Jumatatu usinipigie simu kuniambia uliamua nini. Nitakuwa uwanjani na redio, karibu na lile fagio, kabla saa haijagonga. Nitakuwa nasikiliza chini ya ngoma yako, chini kabisa, kama kuna mtu anayevuta pumzi.

Baba yako, ambaye kwa mara hii anaomba sana ushindani wake usiwe umekuingia wote.